Keria ya kwenda Milima ya Dolomiti

Leo nimeomba ruhusa ya kwenda Italia, nikapewa abiria.

Mjukuu wangu Salma kanialika tuendeshe baiskeli wiki nzima katika Milima ya Dolomiti. Za umeme, msicheke. Njia keshazichagua: vijiji, malisho ya ng'ombe, kona juu ya kona mpaka kileleni.

Ilibaki idhini ya mke wangu, Bi Zuwena.

Tukamkuta sebuleni, hapa nyumbani Hail, Maskati, anakunywa kahawa. Nikamwonyesha picha ya baiskeli. Nikasifu hewa ya mlimani. Nikasema daktari karidhia (na kweli karidhia).

Akaitazama ile picha kwa makini.

"Mbona haina keria?"

"Keria ya nini?"

"Sasa mie ntakaa wapi?"

Jamani!

Mwaka 1966, Unguja, sisi maharusi wapya, kila tulipokwenda alikaa nyuma yangu kwenye keria, buibui kalikunja lisinase kwenye gurudumu, kanishika kiunoni. Tangu tuhamie Maskati ni magari tu. Mie nilikuwa naomba kumwacha wiki nzima. Yeye kadhani anaalikwa. Na uso wake ulivyong'ara, nani angemsahihisha?

Salma akadakia: "Bibi, zipo za watu wawili, kila mtu na kiti chake na pedeli zake."

"Mbele anakaa nani?"

"Mie," nikasema.

"Basi breki ziwe kwangu."

Nimekubali. Nyinyi mngethubutu kukataa?