Nilimsamehe Mama Asiye na Kosa

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Nimeandika uongo juu ya mwanamke aliyenilea, na sasa uongo huo umenifunga. Ndiyo maana jina sitaji.

Mama alifariki nikiwa mdogo. Dada yake, mama mkubwa, akanichukua kwake Mahurunga, akanilea kwa mpunga na korosho zake. Hakuwahi kunichapa. Nilipopata ualimu Mtwara mjini, nikamleta tukae wote Likombe.

Nikaandika kumbukumbu za maisha yangu, nikazituma kwa wachapishaji. Mhariri wao akanipigia kutoka Dar es Salaam: "Mwalimu, unaandika vizuri, ila maisha yako yametulia mno. Msomaji atalia wapi?"

Nilikitamani kile kitabu, jamani. Nikaandika upya. Mama mkubwa akawa mkali, ananinyima chakula, anachoma madaftari yangu. Mhariri akafurahi. Kitabu kikatoka, kikapendwa, nikawa naitwa mashuleni kuzungumza.

Yeye hajui kusoma. Kila mgeni alimwonyesha: "Mwanangu kaandika kitabu, na mimi nimo." Akiniomba nimsomee, nafungua kurasa na kumsimulia mambo mazuri ambayo hayamo. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi.

Kisha akaenda Mahurunga msibani. Binti mmoja wa ukoo alikuwa na kitabu changu, akawasomea wanawake waliokuwa wanapika. Mama mkubwa aliporudi, hakutua hata mkoba.

"Mwanangu, nilikunyima chakula lini?"

"Mama, wenye kuchapisha ndio walitaka kiwe hivyo."

"Wao wananijua?"



Nikampigia mhariri, nikataka turekebishe. Akasema toleo la pili limeshaingia mtamboni, na nikitangaza ukweli hakuna atakayeniamini hata ukurasa mmoja. Nikaliacha litoke hivyo hivyo.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya wanafunzi Msimbati. Mmoja akauliza kama nimeshamsamehe yule mama.

"Ndiyo," nikasema, "nimemsamehe."

Wakanipigia makofi.

Niliporudi nikamkuta amenipakulia. Siku hizi hali tena pamoja nami. Anakaa barazani mpaka nimalize, halafu ananiuliza kwa sauti, majirani wasikie, kama nimeshiba.

Wewe unayeandika maisha yako, ukiambiwa hayana machungu ya kutosha, rudisha karatasi zako kabatini. Mimi nilimtwisha mzee wa watu mzigo usio wake, na namna ya kumtua siioni.