Fimbo Iko Ng'ambo ya Kijito

Nilipokuwa mtoto, kwetu Songea, mtoto hakuchapwa kwa kitu chochote kilichokuwa karibu. Bibi, mama yake baba, alisema fimbo lazima ikatwe kwenye mti wa msuku ulioota ng'ambo ya kijito, na aikate mwenyewe anayetaka kuchapa. Atakayempiga mtoto kwa mwiko, mkanda au kiganja, mkono wake utakauka.

Mama aliamini. Aliondoka amefura, akashuka bondeni, akavuka. Mara nyingi alirudi na fimbo kwapani na swali mdomoni: "Hebu nielezeni tena, ilikuwaje?" Tukaeleza. Fimbo ikaishia jikoni, ikawashiwa moto.

Baba hakuwa mtu wa kuvuka vijito. Jioni moja alikuta mbuzi wa jirani wamemaliza mbegu zetu za mahindi, mlango wa stoo uko wazi. Akamwita kaka yangu Menas, aliyekuwa na miaka tisa.

"Nani kaacha mlango?"

"Si mimi, baba."

"Fimbo iko ng'ambo, mwanangu," bibi akamwambia. "Nenda kwanza."

"Mama, leo sina muda wa hadithi zako."

Kibao kilimpata Menas sikioni, akaanguka. Mlango niliuacha wazi mimi. Maneno nilikuwa nayo kooni, yalihitaji tu muda wa mtu kwenda kijitoni na kurudi. Nilipoyasema, sikio lilikuwa limeanza kutoa damu. Baba akasema amesikia, akaenda kuoga. Akaenda kuoga!

Kila asubuhi niliutazama mkono wake ukishika kikombe cha chai, nikingoja ukauke. Haukukauka. Nilimkasirikia bibi kwa uongo ule karibu sawa na nilivyomkasirikia baba. Ilibidi nizae wangu wawili ndipo nielewe. Bibi alikuwa anatafuta mwendo wa nusu saa kati ya hasira na mtoto, na hakuwa na njia nyingine ya kuupata.

Sasa Menas ni fundi cherehani Majengo. Wateja wake wanajua kusimama upande wa kulia. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa pale dukani, baba akaja kupunguziwa suruali. Mzee sasa. Akasimama kushoto, akaongea, akaongea tena. Menas akaendelea kushona.

"Huyu mbona hanijibu?" akaniuliza.

Amesahau. Nilitamani kumrukia. Nikatoka, nikatembea mpaka stendi na kurudi, nikijiuliza ninataka nini hasa. Kumuumiza? Hapana. Nilitaka ajue. Si kila hasira hupoa ukiitembeza; yangu nilirudi nayo nzima, ila nilijua la kusema.

"Baba, upande huo hasikii. Ulimpiga wewe, kwa kosa langu mimi."

Alisimama pale na suruali yake mkononi, kisha akaanza kuizunguka meza taratibu, aende kulia kwa Menas. Kiti changu kilikuwa kimeziba njia. Sijamsamehe. Lakini niliinuka, nikakisogeza apite.