Kisanduku cha Vifaa vya Dakika

Mdogo wangu ni fundi saa. Wateja walimbandika jina la Dakika, maana kila aliyeulizia saa yake aliambiwa "dakika moja tu", akarudi kesho kutwa. Kiharusi hakikuomba hata hiyo dakika. Kilimkuta mezani, kikamnyang'anya mkono wa kulia.

Alipoweza kukaa kitako, akaniita. "Dada, nitengenezee kisanduku kidogo cha mezani, kila kifaa na tundu lake. Nikirudi kazini nisihangaike kupapasa."

"Mimi fundi cherehani, baba, si seremala."

"Anayekata kola hashindwi na ubao."

Nikavunja droo ya kabati bovu, nikakata, nikapiga msasa, nikatoboa matundu kwa keekee ya kuazima. Yeye kitandani anaamrisha kama bwana harusi. "Bisibisi ndogo kulia kabisa. Kibano mbele yake. Koleo nyuma, ilale kidogo." Anafumba macho, anaiona meza yake.

Nilipofika kwenye gundi ndipo nikashtuka. Vifaa vyote anavyovishika kutwa alikuwa amevipanga kwa ajili ya mkono ule uliolala juu ya mto kama si wake. Nikakigundisha mezani kama alivyosema.

Nikamkalisha mezani. Akaweka saa mbele yake, akangoja. Mkono haukuja. Akapeleka wa kushoto. Ukavuka kifua, ukagonga kisanduku, vifaa vikatapakaa sakafuni.

"Gundi bado mbichi," nikasema upesi. "Nakibandua, nakigeuza."

"Na mimi utanibandua unigeuze?" Akacheka peke yake. "Mkono mmoja hushika saa, dada, mwingine ndio hufanya kazi. Kampe kisanduku fundi funguo hapo jirani. Yeye anayo yote miwili."

Nikampelekea. Jioni fundi funguo akaja kushukuru, kasimama mlangoni hajui aweke wapi macho. Dakika akamuuliza jambo moja tu.

"Bisibisi unaifikia bila kutazama?"

"Naifikia, kaka. Mkono unajiendea wenyewe."

"Vizuri," akasema, akageukia ukutani.

Fundi funguo akaaga. Mimi nikavuta shuka, nikamfunika mpaka mabegani, mikono yote miwili.