Karatasi Tupu Ndani ya Gunia la Maharage

Sijawahi kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na wengi. Kwa hiyo asubuhi ile, jirani yangu wa hapa Milanzi, mama muuza maharage aliyehamia kutoka Mbeya, aliponieleza kwamba amerogwa, nilimwomba ushahidi. Akanionyesha karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne, aliyoikuta ndani ya gunia. Ilikuwa ya tatu juma hilo, na zote tupu. Majirani walikwisha kumhakikishia kwamba karatasi isiyoandikwa ni amri ya kuhama, itokayo kwa wasioonekana. Kitanda chake kilikuwa tayari juu ya mkokoteni. Binti yake mdogo alikaa juu ya godoro akilia, na mjukuu wangu, rafiki yake wa darasa moja, alikuwa amemng'ang'ania mguu.

Niliinusa karatasi. Ilinuka limau. Nikayakumbuka malimau yaliyokuwa yakitoweka jikoni kwangu, nikaagiza pasi ya mkaa, na mbele ya watu wapatao ishirini nikaipitisha juu ya karatasi, huku nikifafanua kwamba maji ya limau yakikauka hayaonekani, lakini yakipata moto hugeuka kahawia. Maandishi yakajitokeza: "Babu akikoroma mbuzi wanaamka. Njoo saa kumi tucheze."

Nilitazamia wacheke. Walirudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja. Mjumbe wa mtaa akavua kofia.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "kumbe ni wewe."

Mjukuu wangu alikiri papo hapo. Alitaja malimau, njiti ya kiberiti, na gunia walilolifanya sanduku la posta. Hakuna aliyemsikiliza; mtoto, walisema, hawezi kukosa kumtetea babu yake.

Mama yule akamwagiza mwenye mkokoteni ashushe kitanda. Nikampongeza kwa kuukubali ushahidi.

"Sijakubali kitu, mwalimu," akajibu. "Ila kama ndiwe unayeyaita maandishi kwa moto, heri nikae karibu yako kuliko nikupe mgongo."

Basi hakuhama, na wasichana wangali wanaandikiana. Kila Jumamosi mama yule huniletea kibaba cha maharage, akinisalimu shikamoo huku amepiga goti. Nimemwandikia maelezo ya kisayansi, kurasa mbili, kwa wino. Mjukuu wangu anadai kwamba kabla ya kuyasoma, mama huyo aliyapasha moto. Sikuliona jambo hilo kwa macho yangu, kwa hiyo silithibitishi.