Mwaliko wa Bushra Ulioingia Kwenye Taka

Bushra Farhan alipoajiriwa kuangalia kompyuta za hoteli moja ya Diani, hakuwaza kwamba adui yake mkubwa angekuwa barua pepe. Kila asubuhi wafanyakazi walipofungua visanduku vyao walikuta matangazo yametapakaa: magodoro ya bei nafuu, semina za uongozi, bahati nasibu ambazo hakuna aliyecheza. Barua za wageni zilizama humo humo. Siku moja familia ikashuka na mabegi na watoto waliochoka, kumbe ombi lao la vyumba halijasomwa na mtu.

Meneja, Bi Sanga, akamwita. "Bushra mwanangu, hebu itafutie dawa balaa hii."

Bushra, mtoto wa Shimoni mwenye subira ya kupembua mchele, akaketi kuutengeneza mtambo wa barua. Maneno ya bahati nasibu yasukumwe kando. Tena barua yoyote ya kutoka nje ya hoteli iliyotumwa kwa watu wengi kwa mpigo iende moja kwa moja kwenye folda ya taka. Haukupita muda, visanduku vikatakata. Mzee Chome, mhasibu, alikuja ofisini kwake makusudi kumshukuru.

"Mwanangu, siku hizi namaliza barua zangu na chai bado ya moto!"

Wakati huo huo Kheri, fundi wa mashine za boti huko kwao Shimoni, akaleta posa. Wazee wakakubaliana, siku ikapangwa. Bushra akaandika mwaliko mzuri, akaupamba kwa picha ya maua ya asumini. Kwa kuwa harusi si jambo la kazi, hakutumia anwani ya hoteli, alitumia yake ya nyumbani. Akawatumia wenzake wote kwa pamoja, kisha akangoja kwa furaha.

Kimya. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyempa hongera. Walimsalimia kama kawaida, wakaongea habari za mpira na joto. Bushra akaanza kula chakula chake cha mchana peke yake.

"Watu wa kazini niwapikie kiasi gani?" mamake akamwuliza.

"Punguza mchele, mama. Hawaji."

"Mmegombana?"

"Sijui nimewakosea nini."

Siku chache baadaye Caroline wa mapokezi, mzaliwa wa Mackinnon Road aliyekaa Nairobi miaka mingi, alikuwa akitafuta barua ya mgeni iliyopotea. Ghafla akapiga ukelele.

"Bushra! Kumbe unaolewa na umenyamaza tu hivyo?"

"Nilikualika, Caroline. Wewe ndiye uliyenyamaza."

"Ulinialika wapi? Iko kwa taka hapa, chini ya tangazo la dawa ya mende!"

Bushra akasogea, akatazama. Anwani ya nje. Watu wengi. Kwa mpigo. Mtambo ulikuwa umemtii barabara! Akacheka mpaka akakalia sakafu, na machozi ya wiki nzima yakatokea hapo hapo pamoja na kicheko.

"Nimejitupa mwenyewe!"

Hakutuma tena. Akatoka kwenda kualika kwa mdomo, meza kwa meza, kisha jikoni. Alipofika kwa wafuaji wa nguo akamkuta Mama Sidi akikunja mashuka.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukualika harusini kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi pia?" Mama Sidi akaacha kukunja. "Nilidhani haya mambo ya ofisini hupitia kwenye kompyuta. Mimi hiyo sina."

Bushra akapigwa na haya. Hata kama mwaliko ungepita salama, usingefika kwa wafuaji, wala kwa walinzi wa lango, wala kwa watunza bustani. Akawazungukia wote. Kisha akampigia mamake simu.

"Mama, rudisha mchele. Tena uongeze."

"Niongeze kiasi gani?"

"Hata sijui, mama. Wote wanakuja!"

Nao wakaja, wakiwa wamejaa basi la hoteli. Mama Sidi alikunja leso za rangi juu ya kitanda cha bibi harusi zikawa ndege wawili wanaotazamana, mashangazi wakagombania kumwuliza amefanyaje. Mzee Chome alimaliza sahani ya pilau, akaongezwa nyingine, akaketi na Haji, babake Kheri, wakazungumza habari za mbuzi hadi alasiri. Caroline alipewa pembe apige vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, akakosea mapigo kila mara, na wanawake wakamshangilia kuliko waliojua.

Aliporudi kazini, viganja vingali vyeusi kwa piko, rangi ya maharusi, Bushra alirekebisha mtambo: anwani za nyumbani za wafanyakazi zipite, na folda ya taka apitishe jicho mwenyewe kila siku. Barua ya kwanza kupita ilikuwa ya Tsofa, mpishi. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, na wote wanakaribishwa kwake Bongwe Jumapili. Bushra aliisoma mara mbili, kisha akashuka kwenda kuwaambia wafuaji.