Aliyetembea kwa Miguu ya Wengine

Swali lililoninyima usingizi, rafiki yangu, lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha: jirani yetu alikuwa akitembeaje?

Alikuwa amefariki mchana ule. Mimi nilikuwa nimerudi Changamwe juma hilo hilo kutoka chuoni, shahada mkononi, nikingoja kuanza kazi ya ualimu. Jioni mkewe alikuja kwetu, akaketi juu ya mkeka wa marehemu nyanya yangu, akanikumbusha kwamba ukoo wetu na ukoo wa mumewe ni watani. Kama umezaliwa pande hizi wajua kwamba utani wa koo si mzaha wa sokoni. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, akatoka mbele ya waliofiwa akitembea kama alivyotembea marehemu, akisema kama alivyosema, watu wakamwona mara ya mwisho na kucheka katikati ya kilio. Kwa nyumba ile, kazi hiyo ilikuwa ya nyanya yangu. Nyanya hayupo tena.

"Sasa ni wewe," mjane aliniambia. "Akizikwa kimya, mwanangu, atakuwa amezikwa kama mgeni."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Kufikiri ndiyo kazi niliyosomea, na ndiyo inayonitesa. Nililala chali nikiwaza: mkuu wa shule yangu mpya atakuwepo mazikoni, atamwona mwalimu wake mpya, tena mwanamke, amevaa koti la mwanamume anayumbayumba uani. Mchungaji naye atakuwepo. Nikazijibu hofu hizo moja moja, nikayatilia shaka majibu, nikaanza upya. Lakini zote zilikuwa nyepesi kando ya moja. Jirani yetu alikuwa mwigizaji. Maisha yake yote alitembea kwa miguu ya watu wengine. Ningemwigiza vipi mtu ambaye sikumbuki hata siku moja kumwona akitembea kama yeye mwenyewe? Na mtani akikosea, hamchekeshi mtu; anamtukana maiti.

Basi nikairudia miaka ya arobaini, miaka ya utoto wangu, nikimtafuta humo.

Changamwe ya wakati ule ilikuwa mashamba yaliyochanganyika na reli. Upande mmoja minazi, mikorosho na mihogo. Upande wa pili mabehewa yakigongana tangu alfajiri, hata sisi watoto tuliamka kwa sauti hiyo kama wengine wanavyoamka kwa jogoo. Wengi wetu tulikuwa watu wa kanisani, wazee wetu walitoka Rabai na Kaloleni na Ribe, na baba zetu walibeba mizigo bandarini au walipaka mafuta magurudumu ya treni. Vita vilikuwa vimeleta unga wa mahindi ya manjano ambao nyanya aliukoroga huku akiusema vibaya, kama mke mwenza. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bombani na kukuna nazi. Mpaka leo nikisikia nazi ikikwaruzwa kwenye mbuzi, mate hunijaa, kwa kuwa baada ya sauti ile zilikuja mbaazi, na baada ya mbaazi, kama ni Jumamosi, alikuja jirani.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa relini. Kazi yake hasa ilikuwa sisi. Akirudi zamu, alipita njia ya nyumba zetu, na hakupita hata siku moja kama mtu aliyechoka. Leo alipita kama karani wa posta, kidevu juu, akilamba kidole kana kwamba dunia nzima ni stempu. Kesho alipita kama mama mjamzito aliyebeba debe la maji, na wanawake bombani walicheka hadi wakamwaga ya kwao. Nyanya alimngoja mlangoni na pawa ya kupakulia.

"Mtani, umeiba miguu ya nani leo?"

"Ya mumeo, mtani. Alikuwa haitumii."

Babu, aliyekuwa mvivu kweli, alicheka ndani ya nyumba.

Alikuwa na kikundi chake, vijana wa reli na bandari, waliocheza vichekesho katika ukumbi wa kanisa. Waliitwa Kisauni, waliitwa hata Likoni, wakavuka na feri wakiwa na mavazi yao ndani ya gunia la sukari. Mapazia yalikuwa shuka za mkewe. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa; aliwafundisha wenzake kwa kuwatembeza. "Ukishapata mwendo," aliwaambia, "mdomo utakuja wenyewe." Nimesoma vitabu vizito kuhusu sanaa ya jukwaa tangu siku zile, na sijakutana na sentensi inayoizidi hiyo.

Hata sinema alicheza. Gari la sinema la serikali lilikuwa likija, shuka jeupe likatundikwa uwanjani, tukaonyeshwa jinsi ya kuchimba choo na kuua mbu. Safari moja wale watu wa gari walitaka mwenyeji wa kucheza mjinga anayeacha makopo ya maji yakizaa mbu uani kwake. Wakamchagua yeye. Picha iliporudi, miezi mingi baadaye, uwanja mzima ulijaa. Mjinga akatokea kwenye shuka, akatembea kati ya makopo yake mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua mbu kana kwamba anawalipa mshahara. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Watu wa gari walifurahi kwamba somo la mbu limeingia, kumbe sisi tulikuwa tumemtambua msimamizi wa Kizungu wa karakana ya reli, kila hatua yake. Malaria haikupungua hata kidogo, lakini msimamizi yule hakupita tena njiani bila mtu kukohoa.

Nilikuwa nikiyakumbuka hayo gizani na kutabasamu, na bado yeye mwenyewe hayumo. Karani yumo, mjamzito yumo, Mzungu yumo. Ndipo ikanijia Sikukuu ya Mavuno.

Wewe huenda huijui sikukuu ile ilivyokuwa. Mbele ya kanisa tuliweka mihogo, mahindi, madafu, kuku waliofungwa miguu na kupiga kelele katikati ya sala. Baada ya ibada watu waliingia ukumbini kwa mchezo. Mwaka huo mzee mmoja wa kanisa, mtu wa ukoo wetu aliyependwa sana, alikuwa mgonjwa kitandani, mara ya kwanza kukosa sikukuu tangu kanisa lijengwe. Jirani alikwenda kumwamkia, na yule mzee akamwambia achukue koti lake jeusi na bakora yake. "Kama mimi siwezi kwenda, nipeleke wewe."

Akampeleka. Pazia lilipofunguliwa, nilimwona mzee wa kanisa akiingia jukwaani: bega la kushoto chini, bakora ikigusa ardhi kabla ya mguu, kikohozi kifupi kabla ya salamu. Nilianza kupiga makofi. Nyanya alinishika mikono.

Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Nikaona nyuso za wanawake zikibadilika, kisha mmoja akaweka mikono kichwani na kupiga ukemi. Fikiria walichokiona. Mtu anaumwa. Mtani wa ukoo wake anatokea mbele ya watu amevaa koti lake, ameshika bakora yake, anatembea mwendo wake. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu. Jirani, kwa kuzoea kwake jukwaa, alisahau kwamba kabla hajawa mwigizaji alikuwa mtani, na macho ya watu hayakusahau.

Alipaza sauti kwamba mzee yu hai. Alisema kwa sauti ya mzee, maana mdomo ulikuwa umeshafuata mwendo, na hilo likazidisha kilio. Watu walimwagika nje, wakakimbia kuelekea kwa mzee, wengine wakiokota kuku na mihogo ya mavuno njiani kwa ajili ya matanga. Mimi na nyanya tulikuwa miongoni mwao. Tulimkuta mzee ameketi barazani, amejitanda blanketi, anakunywa uji.

"Nani kafa?" akauliza.

Wa mbele wakarudi nyuma ya wenzao. Mwishowe mama mmoja, kuku kwapani, alisema kwa adabu, "Ni wewe, baba."

Mzee akamtazama, akautazama uji. "Basi niacheni nimalize."

Ungedhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Hayakuishia hapo. Kufika saa kumi yalikuwa yameanza maneno mengine: kwamba kumwigiza mtu aliye hai kwa nguo zake ni kumwitia kifo, kwamba yule mzee akifa sasa, itajulikana nani amemuua. Katika Changamwe ile, watu wa kanisani au la, neno kama hilo lingeweza kumhamisha mtu na mkewe na shuka zao. Kikundi kilitawanyika siku ile ile. Mlango wa jirani ulifungwa.

Nyanya aliingia jikoni. Alipika mbaazi, akazitia katika bakuli la kauri, akanitwika kichwani, tukaenda naye kumpelekea mgonjwa. Na njiani, mbele yetu kidogo, alikuwa jirani. Alikuwa akienda huko huko, peke yake, koti limekunjwa mkononi.

Hapo ndipo nilipomwona, rafiki yangu. Nililala miaka yote juu ya kumbukumbu hiyo bila kujua ni mali. Alitembea karibu na ua wa michongoma, hatua fupi, kana kwamba njia ni ya mtu mwingine naye ameazima. Mkono usiobeba kitu haukujua ukae wapi; aliuficha nyuma, akautoa, akajishika kola. Kila baada ya hatua kadhaa alisogea pembeni kupisha. Hapakuwa na mtu wa kumpisha. Alipoona jiwe katikati ya njia aliinama, akaliondoa, akaangalia kama kuna aliyemwona. Mtu aliyechekesha nusu ya Mombasa bara alikuwa na haya kama mwari.

Nyanya alimwita kwa sauti ya kawaida, sauti ya mlangoni. "Mtani, leo unamwigiza nani?"

Aligeuka. "Leo sina mtu, mtani. Ni mimi tu."

Nyanya alimfikia, akasema, "Basi twende naye huyo. Na yeye ni mtu."

Sikusikia walichozungumza ndani. Watoto hatukuingia vyumba vya wagonjwa. Nilisikia kicheko cha mzee, kikavu, kikikatwa na kikohozi, halafu kicheko cha pili. Mzee hakufa. Jumapili aliyopata nguvu ya kufika kanisani aliomba kusema neno, akasema kwamba Mungu amempa bahati ambayo hata wafalme hawaipati, ya kusikia kilio chake mwenyewe, na sasa anajua nani aliyelia na nani aliyebeba kuku. Kisha akamwita jirani mbele, akamvika lile koti kwa mikono yake, mbele ya wote. Maneno yakafa hapo. Pazia likafunguliwa tena Krismasi.

Leo ukumbi ule umekuwa ghala la saruji. Shuka la sinema haliji tena. Watu wanapanda basi kwenda kisiwani kuona picha za watu ambao mwendo wao hawaujui. Wale vijana wa kikundi wametawanyika, na hakuna aliyepiga picha hata moja ya jukwaa lile. Filamu ya mbu sijui iko kabati gani, katika nchi gani. Maisha ya waigizaji wakubwa huandikwa na kujaladiwa. Ya jirani yetu yalikuwa yameandikwa katika miili ya watu waliomwona, na watu hao wanapungua. Nyanya alikuwa na msemo: mtu hapotezi kwao kwa kusoma, hupoteza kwa kuona haya. Nilipokuwa msichana nilidhani ananihimiza kusoma.

Kulipopambazuka niliinuka, nikanawa uso, nikaenda kwa wafiwa kabla sijaanza kufikiri tena.

Ua ulikuwa umejaa. Mkuu wa shule alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele kando ya mchungaji, kofia mapajani. Mjane alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilipomwambia niko tayari, hakunishukuru. Aliinuka, akaniletea shati la marehemu la reli na viatu vyake. Nilivaa nyuma ya nyumba. Viatu vilinipwaya. Nikasikia kilio kikipungua, nikajua wameshaambizana.

Sikutoka kama karani wala kama Mzungu, ingawa najua ndicho walichokitarajia na wangecheka mara moja. Nilitoka nikiambaa ukingo wa ua, hatua fupi. Nikauficha mkono nyuma, nikautoa, nikajishika kola. Nikasogea pembeni kumpisha mtu ambaye hayupo.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia behewa likigonga jingine kule relini, nikawaza kwamba nimekosea, kwamba huyu hawamjui, kwamba nimewaletea mgeni. Nikaendelea. Nikampisha mchungaji. Nikampisha mkuu wa shule, naye, bila kujua afanye nini, akavuta miguu yake nyuma kunipisha mimi. Hapo mtu mmoja upande wa wanaume akaguna, mwingine akacheka kwa pua, kisha kicheko kikazunguka ua taratibu, kicheko kilicholowa machozi.

Nilifika kwenye mkeka nikasimama pembeni yake, mkono kolani, sijui niketi au nisiketi. Mjane aliinua uso, akaniangalia kuanzia kwenye viatu mpaka kichwani.

"Kaa, mume wangu," akasema. "Mpaka lini utapisha watu nyumbani kwako?"

Nikaketi.