Mtani Aliyepiga Hodi

Bustani ya baba ilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Mtendeni, mjini Tabora, kati ya jiko na ua wa minyaa. Haikuwa kubwa. Mtu mwenye miguu mirefu angeivuka kwa hatua ishirini, na baba hakuwa na miguu mirefu. Alikuwa fundi cherehani, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha. Asubuhi alishona kanzu na suruali barazani; mchana ukipinda alivua miwani akawa mkulima. Udongo wa kwetu ni mchanga mtupu, unameza maji bila shukrani. Aliulisha samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni miaka mingi mpaka ukakubali kuotesha nyanya, bamia, mchicha na maboga.

Maji yalikuwa ya kisima, na kuyavuta ni kazi. Baba alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa mtu mwingine: hakutawadha mahali pamoja. Alichukua birika akachuchumaa kando ya tuta, na maji yaliyotoka mikononi na miguuni yakaenda kwenye mizizi. Alfajiri ilikuwa zamu ya nyanya, adhuhuri ya mchicha, alasiri ya bamia. Mama alimwambia kwamba siku ya hesabu ataulizwa kama alikuwa akitawadha au akimwagilia. Baba alijibu kwamba yote mawili ni usafi, akaendelea.

Jirani yetu wa nyuma, ng'ambo ya ule ua, alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu hapo hapo na kufiwa na mke hapo hapo. Sisi ni Wanyamwezi. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na kwa asiyejua mambo haya niseme wazi: mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu na kuchukua kilicho chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeaibika wewe. Utani wetu na wao ulianzia njiani, enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kupita Uzaramo. Yeye alidai kwamba babu zetu waling'oa mihogo ya babu zake wakaila bila kuomba. Baba alidai kwamba babu zake waliwauzia babu zetu maji ya kunywa, tena ya dimbwi. Hakuna aliyekuwepo kati yao, lakini wote wawili waliyasimulia kama mambo ya juzi.

Basi mzee yule alikuwa akija kudai mihogo ya babu zake. Hakuja kwa kunyata. Alipenya kwenye pengo la ua mchana kweupe, kofia yake ya reli kichwani na kapu mkononi, akipaza sauti: "Wako wapi wapagazi? Mmeshatua mizigo, mmelala?" Kisha akapita kwenye matuta akichagua, na hakuwa mtu wa kuchagua vibaya. Alichukua boga lililokomaa kuliko yote, bamia changa zisizo na nyuzi, nyanya zilizoiva kwa kiasi. Kila alipochuma alipiga kelele, "Nataifisha!" Neno lilikuwa jipya miaka ile. Redio ilikuwa imejaa habari za mabenki na mashamba ya mkonge, na yeye alilipenda kuliko wakubwa wote wa chama. "Nataifisha bamia! Nataifisha boga! Bepari mkubwa wewe!"

Baba aliacha cherehani akaja mbio na rula yake ya mbao. "Mwizi! Mzaramo jembe hulijui, unajua ngoma tu! Leo nakupima sanda!" Walikimbizana kuzunguka kisima, wazee wawili wenye mvi, majirani wakicheka. Baba naye hakukaa na deni la namna hiyo. Mwaka mmoja alimkamata jogoo wa mtani, akamchinja, akamwalika mwenyewe aje kula wali. Mzee alikuja, akala, akaisifu nyama, na alipoambiwa ni jogoo wake akaomba paja la pili.

Nikiwa msichana niliona ni mchezo wa watu wasio na shughuli. Sikujua kwamba baba hakuwa na rafiki mwingine. Wateja alikuwa nao, na watu wa kusali nao msikitini, na ndugu wa kuja kukopa. Lakini mtu aliyemfanya aache cherehani katikati ya mshono alikuwa huyo mmoja tu.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu, nafundisha darasa la nne hapo mjini, na kichwa kimejaa kujitegemea. Mvua zilianza, zikatudanganya wiki mbili, zikakata. Unga ukawa ule wa mahindi ya njano, wa kupanga foleni kwenye duka la ushirika tangu asubuhi. Mama alitoa michembe yake, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na akapima kwa kiganja kama anapima dawa. Kisima kilishuka. Bustani ya baba, iliyokuwa starehe yake, ikawa ndiyo inayoamua kama ugali utakuwa na mboga au hautakuwa nayo.

Boga moja tu lilikomaa. Mama alikuwa amelipangia siku tatu, pamoja na majani yake na mbegu za kukaanga. Asubuhi ya siku ya kwanza mtani alikuja akalitaifisha. Baba alimfukuza na rula hadi kwenye ua, akacheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini. Mama naye alicheka, kwa sababu utani una adabu yake, halafu akaingia jikoni. Jioni tulikula ugali wa njano kwa chumvi na pilipili. Baba alisema pilipili ilikuwa nzuri.

Mimi nilikasirika. Nilikasirika kweli, hasira ile ile ambayo utani umeikataza, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu niliona hasira yangu ni busara.

Kesho yake, baada ya shule, nilikwenda kwa yule mzee. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya karanga. Kando ya nyumba yake kulikuwa na mstari wa mihogo ambayo alisema mbegu yake ilitoka kwao, na alipenda kuionyesha. Kwa kawaida aliponiona aliniita mke wangu, nami nilimjibu kwamba siolewi na mtu aliyebakiwa na meno manne. Siku ile nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Aliacha karanga mkononi bila kuimenya. "Shikamoo ya nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba jambo." Nikamwambia. Nilimwambia kwamba boga lile lilikuwa chakula chetu cha siku tatu, kwamba usiku wa jana tumelalia chumvi, kwamba baba hawezi kuyasema haya hata akifa njaa. "Nakuomba usije tena bustanini mpaka mvua zinyeshe."

Aliingia ndani akatoka na nusu ya boga, akataka nilichukue. Nilikataa, kwa kuwa baba angeliona. Akabaki amelishika mikono miwili.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Lakini neno lile lilinipita, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu mzima.

Hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Mama alichuma bamia kila baada ya siku mbili, na mboga ikawepo. Kwa hesabu yangu mambo yalikuwa yamekwenda sawasawa. Baba alianza kugeuza shingo kila minyaa ilipotikisika. Kwenye tuta la mwisho palikuwa na nyanya moja iliyonenepa kupita zote, na akatukataza kuigusa. Aliondoa majani yaliyoifunika ili ionekane vizuri kutoka kwenye pengo. Alikohoa kwa nguvu akiwa karibu na ua, kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Ijumaa moja baada ya sala mtani alikuja, lakini alikuja kwa mlango wa mbele.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Baba alisimamisha cherehani. Akamtazama mtu aliyesimama mbele ya baraza na kanzu safi, ana bakuli la karanga lililofunikwa kitambaa, kisha akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja.

"Umepotea nyumba?" akamwuliza.

"Hapana, mzee mwenzangu. Nimepita kuwajulia hali. Hamjambo hapa? Mama hajambo?"

Aliketi kwenye ncha ya mkeka. Waliongea habari za mvua na za unga, kwa upole, kama watu wasiofahamiana wanaongoja daktari. Baba alijaribu. Alisema anaona Wazaramo siku hizi wameanza kuoga. Mtani alitabasamu, akasema alhamdulillahi. Alipoaga alimshukuru mama kwa maji ya kunywa. Baba alibaki na bakuli la karanga magotini na hakuonja hata moja.

"Nimemkosea nini?" akamwuliza mama.

Mama hakujua. Mimi nilijua, nikainama kusahihisha madaftari.

Baada ya hapo baba alianza kutawadha kisimani kama watu wengine. Matuta ya karibu na ua yakakauka kwanza. Mama aliposema ni dhambi kuacha mchicha ufe mwaka kama ule, alijibu kwamba amechoka, anazeeka. Hakuwa amechoka, alishona mpaka adhuhuri kama zamani. Nilikuwa nimemwokolea bamia nikampokonya sababu ya kuzilima, na niliona aibu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nikarudi kwa yule mzee. Safari hii sikumpa shikamoo. "Njoo uibe," nikamwambia. "Nyanya kubwa ipo tuta la mwisho, inakungoja."

"Nikija sasa nakuja kwa ruhusa yako," akasema. "Huko si kuiba. Ni kugawiwa mboga na watu wenye njaa."

"Basi sahau nilichokwambia."

"Mwalimu, wanafunzi wako huwaambia wasahau?"

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Niliondoka nikipita kando ya ile mihogo yake, na hapo ndipo wazo liliponijia: kwamba utani una milango miwili, na mimi pia ni Mnyamwezi.

Jumapili, saa nne asubuhi, nilijifunga khanga kiunoni nikaingia uani kwake na jembe. Nilichimbua mashina mawili, nikajitwika mihogo kichwani na udongo wake, nikazunguka njia ndefu kwa makusudi, nikipiga kelele mtaa mzima: "Mihogo ya Mzaramo hiyo! Babu zangu waliisahau mizizi, nimekuja kuimalizia! Njoo uidai kama una miguu!" Wazazi wa wanafunzi wangu walitoka milangoni. Mmoja aliuliza kama ndiyo elimu tunayoipata chuoni. Sikunyamaza mpaka nilipoitua mihogo ile miguuni pa baba.

Baba aliitazama, akanitazama. Midomo ilianza kumcheza.

Mtani hakuchelewa. Minyaa ilivunjika, kofia ya reli ikatokeza. "Mmenifuata mpaka Tabora! Pwani mliniibia, na hapa mnaniibia! Leo nataifisha bustani nzima na mwenye bustani!" Baba alikuwa ameshasimama, rula mkononi. Sijui aliipata saa ngapi. "Pita uone, muuza dimbwi wewe! Pita nikupime!" Walikizunguka kisima mara mbili. Majirani walijaa kwenye ua. Mama alishika mbavu. Mimi nilikaa juu ya rundo la mihogo nikalia machozi ya furaha, nikifikiri nimeliponya jambo nililoliharibu.

Mtani alipita kwenye matuta, mkono juu, akitukana. Alifika tuta la mwisho, akainama, akachuma. "Nataifisha!" akapiga kelele, akiwa amefumba ngumi juu ya kichwa ili kila mtu aone, akatoweka kwenye pengo. Watu walipiga makofi. Baba alimpungia rula na kumwahidi mauti.

Watu walipotawanyika baba alikwenda kule bustanini akihema, bado anacheka. Nilimfuata. Kicheko kilimwisha akiwa amesimama. Nyanya kubwa ilikuwa pale pale, nyekundu, karibu kupasuka. Kilichokosekana kilikuwa kijinyanya kimoja cha chini, cha kijani, kilichokuwa kimetobolewa na mdudu na ambacho mama asingekipika.

"Amechukua kibovu," baba akasema.

Akanigeukia.

"Nani alimwambia?"

Nilisema ni mimi. Nilisema na sababu yake, kuhusu boga na kuhusu ule ugali wa chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea rula, na hakukasirika, ingawa kwangu mimi mwanawe alikuwa na ruhusa.

"Nilikuwa na mtani," akasema. "Sasa nina jirani mwema."

Kisha akaichuma ile nyanya kubwa, akampelekea mama jikoni.